Sayari Zisizo na Njaa, na Bonde la Yaeda

Katika michezo ya televisheni iliyobuniwa kwa msingi wa sayansi, iko safari moja ambayo imekwisha kusafiriwa mara nyingi mno. Chombo cha angani chafika katika sayari isiyojulikana. Wasafiri wanne au watano wateremka. Wakuta hali ya hewa ya kupendeza, bustani zisizopaliliwa na mtu, na wenyeji wenye afya njema wanaowapokea kwa tabasamu. Hakuna njaa, hakuna maradhi, hakuna ugomvi, wala haionekani kazi ya kutoa jasho. Mtazamaji aliyezoea michezo hiyo hutambua mara moja kuwa pana kasoro iliyofichwa, na kwamba itafichuliwa kabla ya dakika 50 kwisha.

Kwa wakazi wa Tanzania Bara michezo hiyo ilichelewa kufika. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, lakini Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Siku hizi nyumba yenye dishi na king'amuzi, iwe mjini Mbulu au Katesh, hupokea picha kutoka pande zote za dunia, na vijana wengi hutazama katika simu zao michezo iliyotengenezwa Marekani na Uingereza kabla wazazi wao hawajazaliwa. Mwalimu wa sayansi huenda akaudharau mchezo wa namna hiyo kwa sababu chombo chake hukimbia kuliko mwanga, jambo ambalo fizikia hailikubali. Walakini chombo hicho ni gari tu la kumfikisha msimulizi anakotaka kwenda. Dai lenyewe linalofaa kupimwa ni lile la jamii: je, yaweza kuwapo jamii ambayo watu wake wote wanashiba, wanapatana na kupumzika, bila gharama kulipwa mahali fulani?

Swali hilo lina uhusiano wa karibu na Mbulu kuliko mtu anavyoweza kudhani. Mteremko wa magharibi wa nyanda hizo hushuka hadi bonde la Yaeda, na katika bonde hilo wanaishi watu ambao kwa zaidi ya nusu karne wataalamu wa nchi za nje wamewataja kama mfano hai wa jamii ya neema. Lakini kabla ya kuteremka bondeni yafaa kwanza kutazama jinsi televisheni inavyoijenga jamii kamilifu.

Mfululizo mashuhuri kuliko yote ni Star Trek wa Gene Roddenberry, ulioonyeshwa Marekani tangu mwaka 1966 hadi 1969. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1967, kiitwacho "The Apple", Nahodha Kirk na wenzake wakuta kijiji kidogo ambacho watu wake hawazeeki, hawaugui wala hawazai. Mahitaji yao yote hutolewa na mtambo uitwao Vaal, uliofukiwa ardhini chini ya kichwa cha jiwe mfano wa nyoka. Kazi yao ni moja tu: kuulisha mtambo huo. Kirk auharibu, kisha awaambia wenyeji kuwa sasa watajifunza kufanya kazi na kulea watoto. Msaidizi wake Spock abaki na shaka kama lililotendwa lilikuwa jema, na shaka hiyo ndiyo sehemu bora ya kipindi kizima.

Mwandishi wa kipindi hicho, hata kama hakukusudia, aligusa kanuni ya kweli ya elimu ya viumbe. Jamii isiyokufa haina budi kuwa jamii isiyozaa. Mwanafunzi na aanze na watu 100 wasiokufa, na watoto wanne wazaliwe kila mwaka kwa kila watu 100. Baada ya miaka 18 hivi idadi itakuwa maradufu. Baada ya miaka 100 watakuwa takriban 5,050. Baada ya miaka 200 watazidi 250,000. Bustani ile isiyopaliliwa isingetosha. Kwa hiyo kukosekana kwa watoto katika kijiji cha Vaal ni hesabu iliyolipwa, ingawa wenyeji wenyewe hawajui kuwa wamelipa.

Michezo mingine huficha gharama mahali pengine. Mnamo mwaka 1966 mfululizo wa Kiingereza uitwao Doctor Who, unaotengenezwa na BBC, ulionyesha hadithi ya "The Savages". Humo mna mji wa wazee wenye hekima, sanaa na afya ya ajabu, ambao hupata nguvu zao kwa kunyonya uhai wa watu wanaoishi nje ya mji, wale wanaowaita washenzi. Miaka zaidi ya 20 baadaye, mwaka 1987, mfululizo mpya wa Star Trek ulionyesha watu wa Edo, wazuri wa sura na wenye furaha, ambao nchi yao haina uhalifu kwa sababu adhabu ya kosa lolote, hata kukanyaga mimea michanga, ni kifo. Na katika "This Side of Paradise" ya mwaka 1967 wahamiaji wa kutoka duniani wanaishi kwa raha kamili kwa kuwa wameingiwa na spora za mmea mmoja. Lakini katika miaka mitatu hawakuendeleza chochote kati ya vile walivyotumwa kuvifanya.

Iko sababu ya kifedha pia, ambayo wahakiki huisahau. Wachezaji hulipwa, mavazi hununuliwa, na mandhari hujengwa kwa mbao na rangi. Kijiji cha watu kumi katika bustani moja ni rahisi kukitengeneza. Mji wenye soko, zahanati, makaburi na wazee wasioweza kutembea ni ghali. Ukamilifu wa sayari nyingi za televisheni umetokana na ufinyu wa bajeti.

Hata hivyo wazo la nchi ya neema inayoharibika halikutoka Marekani. Wairaqw wa Mbulu wanayo masimulizi juu ya nchi yao ya zamani, Maangwatay. Yanasimuliwa kwa namna mbalimbali, lakini kiini chake ni hiki. Watu waliishi Maangwatay kwa amani na wingi wa mali chini ya uongozi wa Haymu Tipe, aliyekuwa na uwezo wa uganga. Vijana wakachoshwa na amani. Walitaka adui wa kupimana naye nguvu. Haymu Tipe alipokataa, walimkamata mwanawe, wakamficha, wakasema hawatamrudisha mpaka wapewe adui. Mwishowe aliwapa walichotaka. Adui alikuja, akawashinda, na waliosalia wakahama kutoka mahali hadi mahali mpaka wakafika Irqwa Da'aw, katika milima iliyo kusini mwa mji wa Mbulu wa leo.

Tofauti kati ya masimulizi haya na ya Kirk yastahili kutazamwa kwa makini. Katika Star Trek mvunjaji wa neema ni mgeni. Avunja, atoa hotuba fupi, apanda chomboni, na juma linalofuata yuko sayari nyingine. Katika masimulizi ya Wairaqw wavunjaji ni watoto wa nchi yenyewe, na msimulizi ni mjukuu wa wale waliolipa. Hakuna anayejisifu. Hapana shaka kwamba msimulizi wa namna hiyo anaijua gharama kuliko nahodha.

Tangu zamani wasimulizi wengi wa jamii kamilifu wamekuwa wageni. Mwaka 1516 Mwingereza Thomas More alitoa kitabu chake cha Utopia, jina alilolitunga kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya mahali pasipokuwapo, na hadithi aliitia kinywani mwa baharia aliyerudi kutoka safarini. Televisheni imembadilishia baharia chombo tu. Sayansi nayo haikukosa baharia wake, na hapo ndipo inapobidi kuteremka Yaeda.

Wahadzabe wanaoishi Yaeda na pande nyingine za kandokando ya Ziwa Eyasi ni kama watu 1,000 na kitu, na kati yao ni mamia machache tu ambao mpaka sasa hupata sehemu kubwa ya chakula chao kwa kuwinda na kukusanya. Lugha yao, yenye sauti za kudodosa kwa ulimi, haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Mwaka 1958 mwanaanthropolojia Mwingereza James Woodburn alianza kuishi nao na kujifunza maisha yao. Alikuta watu wasio na chifu, wasiolimbikiza mali, na wanaogawana nyama ya mnyama mkubwa kambi nzima. Mwaka 1966 alishiriki katika mkutano wa Chicago uliozungumzia maisha ya wawindaji, na katika maandishi yake yaliyochapishwa mwaka 1968 alikadiria, kwa tahadhari, kwamba kwa mwaka mzima Mhadzabe pengine hutumia chini ya saa mbili kwa siku kutafuta chakula.

Katika mkutano huohuo Mmarekani Marshall Sahlins alitoa hoja iliyotikisa fikra za wakati ule. Watu hutajirika kwa njia mbili, alisema: kwa kuzalisha vingi au kwa kutaka vichache, na wawindaji, kwa kuwa walitaka vichache, ndio waliokuwa jamii ya kwanza ya neema. Hoja hiyo aliipanua katika kitabu chake cha mwaka 1972, akiwataja Wahadzabe pamoja na Wasani wa Kalahari na wenyeji wa Arnhem Land huko Australia. Ilikuwa hoja ya maana, kwani ilikanusha dharau ya muda mrefu kwamba mwindaji hushinda akikimbizana na njaa. Lakini kadiri ilivyosafiri kutoka kitabu hadi kitabu, tahadhari ya Woodburn iliachwa njiani. Saa mbili za makadirio ziligeuka kuwa saa mbili za hakika, na bonde la Yaeda likawa sayari ya televisheni.

Kosa halikuwa katika kutazama, bali katika kile ambacho hakikuhesabiwa. Hesabu za Wasani zilizotumiwa na Sahlins zilitokana na siku 28 za mwaka 1964, na hazikujumlisha muda wa kupasua kokwa, kupika, kuchota maji na kutengeneza zana. Zile za Arnhem Land zilikuwa za siku chache zaidi, za mwaka 1948. Mwanafunzi anayejua kwamba mvua ya Mbulu haipimwi kwa mwezi mmoja ataelewa tatizo lililopo.

Katika miaka ya 1980 watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walianza kufanya kazi ambayo televisheni haiwezi kuionyesha kwa sababu inachosha: waliwafuata Wahadzabe siku baada ya siku wakiwa na saa na mizani, wakiandika nani alitoka, alitembea kiasi gani na alirudi na nini. Picha iliyotokea ni nyingine. Wanawake walitumia saa kadhaa kwa siku kutafuta chakula, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa ya kuchimba mizizi kwa mti uliochongwa ncha, katika ardhi ngumu yenye mawe. Wanaume walitumia saa nyingi katika mawindo, lakini kwa wastani mwindaji mmoja aliua mnyama mkubwa mara moja tu kwa takriban siku 30. Siku nyingine zote familia iliishi kwa mizizi, ubuyu, matunda ya porini, asali na wanyama wadogo. Jambo lililowashangaza zaidi, na ambalo walilichapisha mwaka 1989, ni kwamba akina bibi waliokwisha acha kuzaa ndio waliofanya kazi kwa saa nyingi zaidi, na chakula chao kiliwasaidia wajukuu ambao mama zao walikuwa wananyonyesha watoto wachanga. Kutokana na vipimo hivyo vya Yaeda na Eyasi ikakua nadharia inayojadiliwa leo katika vyuo vikuu vya dunia nzima, kwamba huenda binadamu wanaishi muda mrefu baada ya umri wa kuzaa kwa sababu bibi aliwafaa wajukuu.

Hesabu ya pili iliyokosekana ni ya vifo. Blurton Jones na wenzake waliorodhesha watu, kambi kwa kambi, kwa miaka mingi. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa, wapatao 21 hufariki kabla ya kutimiza mwaka, na wapatao 46 kabla ya kutimiza miaka 15. Umri wa kuishi unaotarajiwa wakati wa kuzaliwa ni kama miaka 33. Takwimu hii hueleweka vibaya mara kwa mara, hata na watu waliosoma, kana kwamba Mhadzabe wa miaka 33 ni mzee. Mwalimu wa hisabati aweza kuieleza kwa mfano wa kubuni: watoto 46 waishi wastani wa miaka 3, na 54 waliobaki waishi wastani wa miaka 58. Jumla ya miaka ni 138 na 3,132, yaani 3,270. Ukiigawa kwa 100 utapata 32.7. Wastani umeshuka kwa sababu ya makaburi madogo, wala si kwa sababu hakuna wazee. Kwa kweli mwanamke Mhadzabe aliyefikia miaka 45 aweza kutazamia kuishi miaka 20 mingine na zaidi, na ndiyo maana wale bibi wachimbaji wapo.

Katika sayari za televisheni makaburi madogo hayaonekani. Mgeni wa saa moja hukutana na walio hai tu, na walio hai huonekana wenye afya, kwa kuwa wagonjwa wa utotoni wamekwisha ondoka katika hesabu. Mtu akiitembelea kambi ya Wahadzabe asubuhi moja ya kiangazi, wakati matunda yameiva na nyama ipo, atarudi na habari za neema, na habari hizo hazitakuwa uongo.

Sharti isemwe pia kwamba vipimo havikuwageuza Wahadzabe kuwa watu wa kuhurumiwa. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi ambao kemia yake inafaa kufundishwa madarasani. Watu wazima 30 walikunywa maji ambayo haidrojeni yake na oksijeni yake zilitiwa alama kwa isotopu nzito zisizo na madhara. Haidrojeni ile hutoka mwilini kwa njia ya maji peke yake, yaani mkojo, jasho na mvuke. Oksijeni hutoka kwa njia ya maji na pia kwa njia ya kaboni dioksaidi inayopumuliwa. Kwa hiyo oksijeni yenye alama hupungua upesi zaidi, na tofauti kati ya kasi hizo mbili huonyesha kiasi cha kaboni dioksaidi kilichotengenezwa, na kutoka hapo nishati iliyotumika. Wanaume walitembea zaidi ya kilometa 11 kwa siku na wanawake karibu kilometa 6. Hata hivyo, ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, nishati waliyotumia kwa siku, takriban kilokalori 2,600 kwa mwanamume na 1,900 kwa mwanamke, haikuizidi ile ya watu wa mijini katika Marekani na Ulaya. Mwili, yaelekea, huweka akiba mahali pengine.

Na usawa wao je? Huo upo, lakini si wa bure. Katika maandishi ya mwaka 1982 Woodburn alieleza kuwa jamii za namna hii hazina mabwana kwa sababu kila mtu hujipatia chakula bila kumwomba mwingine, aliyeudhiwa huhamia kambi nyingine, na kila mwanamume ana upinde wake na mishale yenye sumu. Anayejikweza huachwa peke yake, au hujua kuwa wengine nao wana silaha. Mwandishi wa televisheni angependa kasoro kama hii, ila angeifanya kuwa siri ya kutisha. Yaeda inajulikana na kila mtu.

Mjadala huu haukuwa wa vitabuni tu. Jinsi watu wanavyosawiriwa ndivyo wanavyotendewa. Waliowaona Wahadzabe kuwa watu wasio na kitu waliamua kuwapa kila kitu kwa mara moja: majaribio ya kuwaweka katika makazi ya kudumu yalianza wakati wa utawala wa Waingereza, na kubwa zaidi lilifanywa Yaeda Chini katikati ya miaka ya 1960, kwa nyumba, mashamba na shule. Nia ilikuwa njema. Lakini watu waliozoea kambi ndogo zinazohamahama wakikusanywa pamoja, maradhi ya kuambukiza huenea kwa urahisi, na baada ya muda wengi walirudi porini. Waliowaona kuwa wakamilifu nao hawakuwa na msaada zaidi, maana anayedhaniwa kuwa hakosi kitu hapelekewi chanjo, wala hasikilizwi anaposema kuwa nchi yake inapungua. Na kweli ilipungua, kwa kuwa Wadatoga walihitaji malisho na Wairaqw walihitaji mashamba, nao wana watoto wa kulisha. Mwaka 2011 jamii za Wahadzabe wa Yaeda zilipata hatimiliki za kimila kwa eneo la zaidi ya hekta 20,000, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Haki hiyo ilitokana na mipaka iliyopimwa na matumizi ya ardhi yaliyoorodheshwa, kazi ya aina ileile ya kuhesabu.

Kwa upande wa Mang'ola, kaskazini mashariki mwa Ziwa Eyasi, magari ya watalii hufika kwenye kambi alfajiri. Wageni huongozana na wawindaji kwa saa chache, hupiga picha, hujaribu kuvuta upinde, na wengi wao huwa wamekwisha ondoka kabla ya jua la mchana kuwa kali. Mizizi nayo huchimbwa vilevile, wageni wawepo wasiwepo.